Maombi 23, usaili mmoja: namna ya kulisoma tangazo la nafasi ya utafiti katika chuo kikuu cha kiufundi

Swali: Nilihitimu shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo mwaka juzi, na tasnifu yangu ilihusu mitetemo ya mashine zinazozunguka. Kwa muda wa miezi kumi na minne nimeomba nafasi 23 za utafiti katika vyuo vikuu vya kiufundi vya Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia, lakini nimeitwa kwenye usaili mara moja tu. Alama zangu ni nzuri ingawa si za juu kabisa, na sijawahi kuchapisha makala. Ninatumia barua moja niliyoiandika kwa uangalifu mkubwa, nikibadilisha jina la chuo na la profesa. Je, nirudi darasani nikaongeze shahada nyingine, au kuna jambo nisiloliona katika matangazo haya?

Jibu: Ndugu msomaji, nimeisoma barua yako ya maombi, wasifu wako na yale matangazo matatu uliyoyaambatisha, na jambo la kwanza ninalotaka kukuambia ni kwamba usirudi darasani. Shahada ya pili ya uzamili ingekula miaka yako na fedha zako bila kukupa hata kitu kimoja ambacho matangazo haya yanakitafuta. Kile usichokiona kimo ndani ya matangazo yenyewe. Nafasi ya utafiti katika chuo kikuu cha kiufundi mara nyingi ni kipande cha kazi iliyokwisha kuandikwa, kutetewa mbele ya mfadhili na kupangiwa fedha na tarehe ya kumalizika, muda mrefu kabla wewe hujaliona tangazo. Anayelisoma tangazo kana kwamba ni mashindano ya alama hujibu kwa kuorodhesha sifa zake. Anayelisoma kama kazi inayomsubiri mtu huijibu ile kazi, naye ndiye ambaye kamati humwita. Maombi yako, kwa jinsi ninavyoyaona, yote 23 yalikuwa ya namna ya kwanza.

Fuata safari ya nafasi moja tangu mwanzo wake. Profesa huandika andiko la mradi, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi kabla ya tangazo, akieleza swali la utafiti, vifaa, hatua za kazi na watu atakaowahitaji. Andiko hilo hupelekwa kwa mfadhili, kwa mfano Deutsche Forschungsgemeinschaft nchini Ujerumani, NWO nchini Uholanzi, au Baraza la Utafiti la Ulaya lililoanzishwa mwaka 2007, na huko husomwa na wataalamu wengine kabla ya kukubaliwa au kukataliwa. Likikubaliwa, fedha hutolewa kwa idadi maalumu ya watu na ya miezi: pengine mtafiti mmoja wa uzamivu kwa miezi 36 au 48, pamoja na mtafiti mmoja aliyekwisha kupata uzamivu kwa miezi 24. Kuanzia hapo siku zinahesabika. Profesa huchukua aya chache kutoka katika andiko lile, huzifupisha, kisha huzipeleka ofisi ya utumishi, ambayo huongeza maneno yake ya kawaida na masharti ya kisheria, ndipo tangazo linapotoka.

Kwa hiyo ndani ya tangazo moja kuna sauti tatu, na msomaji makini huzitenganisha. Sauti ya profesa ndiyo inayoeleza tatizo la utafiti, mbinu na vifaa. Sauti ya ofisi ya utumishi ndiyo inayotaja bidii, mawasiliano mazuri na uwezo wa kufanya kazi pamoja na wenzako, maneno ambayo utayakuta karibu katika kila tangazo la chuo hichohicho, iwe ni la fizikia au la usanifu majengo. Sauti ya sheria ndiyo inayotaja daraja la mshahara, muda wa mkataba na usawa wa waombaji. Barua yako ina aya mbili nzima zinazoijibu sauti ya pili na sentensi moja tu inayoijibu ya kwanza. Umeeleza kwa ufasaha kwamba wewe ni mchapakazi na unapenda kushirikiana, nami ninakuamini, lakini mtu anayeisoma barua hiyo ni yule aliyeandika aya ya kwanza ya tangazo, na yeye anatafuta kujua kama umelielewa tatizo lake.

Hapa ni lazima niseme kidogo kuhusu aina ya vyuo unavyoviomba, kwa sababu historia yao inaeleza kile wanachokithamini. École Polytechnique ya Paris ilianzishwa mwaka 1794, chuo cha Karlsruhe mwaka 1825, cha Delft mwaka 1842 na cha Zürich mwaka 1855, na kwa sehemu kubwa vyuo vya namna hii vilikusudiwa kutoa wahandisi wa madaraja, reli, migodi na viwanda. Kwa muda mrefu vyuo vya kiufundi vya Ujerumani havikuruhusiwa hata kutoa shahada ya udaktari. Vile vya Prussia vilipata haki ya kutoa udaktari wa uhandisi mwaka 1899, baada ya upinzani mkubwa wa vyuo vikuu vikongwe. Asili hiyo haijafutika. Mpaka leo utafiti mwingi katika vyuo hivi hujengwa kuzunguka mtambo wa majaribio, maabara yenye mafundi wake, na mshirika wa kiwandani mwenye tatizo halisi. Mtu anayeweza kujenga kifaa, kukipima, kugundua kwa nini kinatoa namba za ajabu na kukirekebisha, ana thamani kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe. Wewe ulijenga meza ya majaribio kwa mikono yako wakati wa tasnifu, ukaitengenezea programu ya kukusanya vipimo, na habari hiyo umeiweka kwenye ukurasa wa tatu wa wasifu, chini ya semina ya siku moja uliyohudhuria. Nilipoikuta nilisikitika, maana hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kamati ingependa kulijua.

Sasa tulichukue tangazo la pili kati ya yale uliyonitumia, kwa sababu ndilo linalokufaa zaidi na ndilo ulilolijibu vibaya zaidi. Linatafuta mtafiti wa uzamivu kwa miaka minne, atakayeshughulikia ugunduzi wa mapema wa hitilafu za beringi, yaani pete zenye gololi zinazobeba shafti (mhimili unaozunguka), katika giaboksi za mitambo ya upepo kwa kutumia ishara za mitetemo. Linasema data zitatoka kwa mshirika wa kiwandani. Linadai msingi thabiti wa uchakataji wa ishara, uzoefu wa kuandika programu na utayari wa kufanya majaribio, kisha linaongeza kwamba ujuzi wa kufundisha kompyuta kutambua ruwaza ungependelewa. Angalia kwanza tofauti ya kinachodaiwa na kinachopendelewa. Mwombaji asiye na kinachodaiwa kwa kawaida huachwa kando mapema, lakini asiye na kinachopendelewa hubaki mezani na wengine. Wewe una yote matatu yanayodaiwa. Hata hivyo barua yako inatumia nguvu nyingi kuomba radhi kwa kukosa lile la nne, na kuahidi kwamba utajifunza kwa haraka.

Kisha jiulize ugumu wa kazi hii uko wapi. Beringi inapoanza kuharibika kwenye pete yake ya nje, kila gololi inapopita juu ya kidonda kile hutoa kishindo kidogo, na vishindo hivyo hujirudia kwa masafa, yaani idadi ya marudio kwa sekunde, yanayotegemea umbo la beringi na mwendo wa shafti. Katika mashine yenye mwendo usiobadilika, kama ile ya tasnifu yako iliyozunguka mara 1500 kwa dakika, masafa hayo hujitokeza kwenye spektra, yaani mchoro wa nguvu ya kila masafa, na unaweza kuyatambua kwa macho. Mtambo wa upepo haukupi nafasi hiyo. Upepo hubadilika, mwendo wa shafti hubadilika nao, na kile kilichokuwa mstari mwembamba hutawanyika hadi kikapotea katikati ya kelele za gia. Ndiyo sababu watafiti wa fani hii huipanga upya ishara kwa kufuata pembe ya mzunguko wa shafti badala ya kufuata muda. Haya unayajua, kwa kuwa sura ya mwisho ya tasnifu yako inayataja kama kazi ya baadaye. Yaani jambo ulilolitaja kuwa ungelifanya kama ungepata muda ndilo jambo ambalo chuo hiki kinatafuta mtu wa kulifanya kwa miaka minne, na barua yako haikulisema.

Barua inayoijibu kazi ingeweza kuwa na aya kama hii, ambayo nimeiandika kwa kutumia tu yaliyomo katika tasnifu yako:

«Katika tasnifu yangu nilijenga meza ya majaribio yenye shafti moja na beringi mbili, nikapima mitetemo na kutambua hitilafu za pete ya nje kwa mwendo usiobadilika wa mizunguko 1500 kwa dakika. Njia niliyoitumia isingefaa moja kwa moja katika mradi wenu, kwa sababu mwendo wa mtambo wa upepo hubadilika kila wakati. Ningeanza kwa kuyarudia majaribio yangu kwa mwendo unaobadilika, nikaipanga ishara kwa pembe ya shafti, kisha nikalinganisha matokeo na data za mshirika wenu.»

Aya hiyo ina sentensi tatu tu, lakini inamwonyesha msomaji kwamba umefanya kazi, kwamba unajua mpaka wa kazi yako, na kwamba umekwisha kuanza kufikiri ndani ya mradi wake. Tazama pia kwamba haina sifa hata moja ya kujisifu. Sentensi ya pili, ile inayokiri kwamba njia yako isingetosha, ndiyo yenye nguvu zaidi, na waombaji wengi huiogopa. Nimeketi kwenye kamati za uteuzi kwa miaka mingi, na sikumbuki tukimwacha mtu kwa sababu alieleza kwa usahihi kile ambacho mbinu yake haikiwezi. Nakumbuka tukiwaacha wengi ambao kila walichokitaja kilikuwa kimefaulu.

Ili uweze kuandika aya ya namna hiyo, soma makala mbili au tatu za karibuni za kundi husika kabla hujagusa barua, na uzisome kuanzia mwisho, pale waandishi wanapoeleza mapungufu na kazi inayobaki. Hapo ndipo mradi unaofuata huzaliwa. Usizitaje makala hizo ili kumsifu profesa. Sentensi za kusema kwamba umevutiwa na utafiti wake mashuhuri amezisoma mamia ya mara, na hazimwambii lolote. Zitumie ili kujua ni tatizo gani hasa limebaki wazi. Barua nzima isizidi ukurasa mmoja: tatizo kama unavyolielewa, ushahidi wa kazi uliyoifanya inayolihusu, pengo ulilonalo na namna utakavyoliziba, kisha tarehe unayoweza kuanza. Tarehe hiyo ina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu ya siku zile zinazohesabika, na mtu anayetaka kuanza baada ya mwaka mzima anaweza kukosa nafasi aliyoistahili.

Kazi hii huchukua siku kadhaa kwa kila ombi, kwa hiyo hutaweza kutuma maombi mengi kama ulivyokuwa ukifanya. Ningependa utume manane kwa mwaka, yote yakiwa ya mitetemo, uchakataji wa ishara au uchunguzi wa afya ya mashine, kuliko kutuma 23 ambayo, kwa hesabu yangu kutoka kwenye orodha yako, kumi na moja hayakuhusiana kabisa na ulichokisomea.

Kuhusu alama na machapisho, wasiwasi wako ni mkubwa kuliko unavyostahili. Alama katika nafasi za uzamivu hufanya kazi ya kizingiti: chuo kina masharti ya chini ya kumpokea mtu, na ukishavuka kizingiti hicho, tofauti ndogo kati ya alama zako na za mwenzako hufifia haraka mbele ya swali la nani anaifaa kazi. Machapisho nayo si sharti la kawaida kwa mwenye uzamili. Tasnifu iliyoandikwa vizuri, inayoweza kupakuliwa, ikiambatana na programu ulizoziandika na data ulizozipima, humsaidia msomaji kukupima vizuri zaidi kuliko makala iliyotolewa kwa pupa katika jarida linalotoza ada na kukubali kila kitu. Tafadhali usinunue chapisho la namna hiyo; wanakamati huyajua majarida hayo, na jina lake kwenye wasifu hudhuru. Jisajili ORCID, ambayo ni namba ya utambulisho wa watafiti na haina malipo, kisha uunganishe hapo tasnifu yako.

Umeniuliza pia, katika barua yako ndefu ya mwanzo, kuhusu majina ya nafasi, ambayo kwa kweli huwachanganya wengi. Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2011 ngazi nne, R1 hadi R4, na matangazo ya tovuti yake ya EURAXESS huzitumia: R1 ni mtafiti asiye na uzamivu, R2 ni mwenye uzamivu ambaye bado hajajitegemea, R3 ni mtafiti aliyejitegemea, na R4 ni kiongozi wa fani. Wewe ni R1. Tangazo likisema R2 na kuendelea, liache, hata kama mada inakuvutia. Nchini Ujerumani angalia kwa makini zaidi, maana neno moja la cheo, wissenschaftlicher Mitarbeiter, hutumika kwa asiye na uzamivu na kwa aliyenao, na ni lazima uendelee kusoma mpaka uone kama nafasi inatoa fursa ya kufanya uzamivu. Huko pia mkataba wa kazi na kukubaliwa na kitivo kuwa mwanafunzi wa uzamivu ni mambo mawili tofauti: unaweza kuwa na kazi na bado ukahitaji kitivo kiikubali shahada yako. Mshahara hutajwa kwa daraja, mara nyingi la 13 la jedwali la serikali za majimbo, pamoja na asilimia, na asilimia 50 au 65 ina maana ya sehemu hiyo ya saa za ajira kamili na ya mshahara kamili. Sheria huruhusu mikataba ya muda ya namna hii kwa miaka sita kabla ya uzamivu na miaka sita baada yake, kwa hiyo muulize mwajiri mapema kama muda wa mkataba wa kwanza unatosha kumaliza tasnifu au unategemea kuongezwa.

Nchi nyingine ulizozitaja zina taratibu zilizo wazi zaidi. Uholanzi kwa kawaida hutoa ajira ya miaka minne yenye tathmini baada ya mwaka wa kwanza, na tathmini hiyo huweza kweli kuusimamisha mkataba. Uswidi huhesabu miaka minne ya masomo ya wakati wote, na ukipewa kazi za kufundisha, ambazo hazipaswi kuzidi asilimia 20, muda wako huongezwa kwa kiasi hicho. Denmark ni miaka mitatu. Norwei ni mitatu, au minne ikiwa robo ya muda ni ya kazi za idara. Ajira hizi zina mshahara unaokatwa kodi na kuambatana na kinga za mfanyakazi, jambo linalozitofautisha na ufadhili wa masomo, ambao mara nyingi hauna bima wala likizo za kiajira. Ukiona tangazo linataja posho badala ya mshahara, uliza nani atalipia bima ya afya. Ombi linalopelekwa kwenye chuo cha serikali cha Uswidi huwa hati ya umma ambayo mtu mwingine anaweza kuiomba aisome, hivyo usiandike humo siri za kiwanda ulichowahi kufanyia kazi.

Kuna aina moja ambayo hukuitaja nami ningependa uifikirie. Vyuo vya kiufundi vya Uholanzi, vikiwemo Delft, Eindhoven na Twente, hutoa programu ya miaka miwili ya udaktari wa uhandisi, ambapo unaajiriwa kubuni kifaa au mfumo kwa ajili ya tatizo la kampuni. Si uzamivu wa utafiti, na hautakuweka kwenye njia ya uprofesa kwa urahisi uleule. Lakini kwa mtu ambaye furaha yake, kama inavyoonekana katika tasnifu yako, iko kwenye kujenga na kupima, huenda ukawa mahali pake hasa.

Jambo la wafadhili lina mtego mmoja uliokunasa bila wewe kujua. Tangazo la tatu linataja mtandao wa uzamivu wa Marie Skłodowska-Curie, programu ya ufadhili ya Umoja wa Ulaya. Mitandao hiyo hulipa vizuri na hupokea watu wa uraia wowote, ila ina sharti la uhamaji: usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu katika nchi ya chuo kinachoajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia kuajiriwa. Wewe ulisomea uzamili wako katika nchi hiyohiyo, na ndani ya hiyo miezi 36 umekaa humo zaidi ya miezi 12. Ombi lako halikufika hata mbele ya wanasayansi. Wala si kosa la barua. Nafasi ileile ya mtandao huohuo katika nchi jirani ungeruhusiwa kuiomba.

Wadhamini wako nao wanahitaji kushughulikiwa. Umeandika majina matatu, wawili kati yao wakiwa wakuu wa idara ambao, kwa maelezo yako mwenyewe, hawakufahamu kwa karibu. Barua ya mkuu wa idara inayosema kwamba ulikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu haisaidii, na kamati yenye haraka huweza kuisoma kama dalili kwamba hakuna aliyekuwa na la kusema. Mweke msimamizi wa tasnifu yako kuwa wa kwanza, na fundi mkuu wa maabara au mhandisi uliyefanya naye kazi kuwa wa pili, hata kama cheo chake ni kidogo, mradi ameona ukifanya kazi. Kila unapoomba, watumie tangazo na barua yako, uwaambie ni jambo gani ungependa wao walishuhudie. Mdhamini anayepigiwa simu bila kujua umeomba nini hujibu kwa maneno ya jumla, na maneno ya jumla hukuumiza.

Kumwandikia profesa kabla ya kuomba ni vema pale tu unapokuwa na swali la kweli ambalo tangazo halikulijibu, kwa mfano kama data za kampuni zitaruhusiwa kuchapishwa. Sentensi nne zinatosha, bila wasifu. Ukiombwa kulipa fedha yoyote ili ombi la ajira lishughulikiwe, au ukiandikiwa kutoka anwani isiyo ya chuo, acha palepale na ulitafute tangazo kwenye tovuti rasmi ya chuo.

Kuhusu ule usaili mmoja, umeniambia kwamba uliwasilisha tasnifu yako kwa dakika kumi na tano, kisha ukaulizwa ni kitu gani kilikwenda vibaya, nawe ukajibu kwamba kazi ilikwenda kama ilivyopangwa. Ninaelewa kwa nini ulijibu hivyo. Lakini ukurasa wa 41 wa tasnifu yako unaonyesha kwamba vipimo vya mwezi wa kwanza vilitupwa, na unaeleza kwamba kihisio kimoja kilikuwa kimelegea na ulikaa wiki mbili ukikitafuta. Hilo ndilo jibu walilolihitaji, tena ni jibu zuri mno: namna ulivyoshuku, ulivyolinganisha kihisio kimoja na kingine, na ulivyohakiki baadaye. Watafiti huishi na hitilafu za namna hiyo kila wiki, na wanataka kujua wataishi nazo pamoja na nani.

Hata ukiyafanya yote haya, kuna kukataliwa ambako hakutakuhusu kabisa. Wakati mwingine yupo mwanafunzi wa ndani aliyekwisha kuifanya nusu ya kazi, na wakati mwingine mfadhili hubadili mpango. Albert Einstein alihitimu mwaka 1900 katika chuo hichohicho cha Zürich nilichokitaja, akatafuta nafasi ya usaidizi wa profesa na akaikosa. Mwezi Machi 1901 alimwandikia mkemia Wilhelm Ostwald wa Leipzig, akimpelekea makala yake ya kwanza na kumweleza kwamba ilitokana na kazi za Ostwald mwenyewe, yaani barua ya namna ninayokuomba uandike, na hakupata jibu. Mwaka uliofuata alianza kazi katika ofisi ya hataza ya Bern. Ostwald ndiye aliyekuja kuwa wa kwanza kumpendekeza kwa tuzo ya Nobel, na chuo cha Zürich kilimpokea kama profesa mwaka 1912. Kwa hiyo ukitaka maoni baada ya kukataliwa, yaombe kwa upole na uyasome kwa makini, lakini ukimya usiufasiri. Norwei, kwa kawaida, kamati ya wataalamu huandika tathmini ambayo mwombaji huweza kuiona. Umeomba huko mara nne, na tathmini hizo zina maelezo mengi zaidi kukuhusu kuliko barua zote za kukataliwa ulizonazo. Ziombe.

Lile tangazo la pili umeniambia limeongezewa muda na litafungwa baada ya wiki tatu, na mfumo wao unaruhusu kubadilisha hati kabla ya tarehe hiyo. Anza kwa kumwandikia msimamizi wako leo, umuulize kama yuko tayari kuwa mdhamini wa kwanza na kama ile meza ya majaribio ingali maabara. Ikiwa ipo na anakuruhusu, nenda ukaizungushe kwa mwendo unaobadilika, japo kwa siku mbili, uchore spektra moja kwa muda na nyingine kwa pembe ya shafti. Weka michoro hiyo miwili kwenye ukurasa mmoja wa nyongeza, uandike chini yake kila mmoja unaonyesha nini na unaficha nini, kisha nitumie ukurasa huo pamoja na barua mpya kabla hujaipakia.